Hesabu zikubali kwanza: barua ya wazi kwa wasimamizi wa ligi ya kriketi Unguja na Pemba

Waheshimiwa wasimamizi,

Assalaam aleikum.

Tunaokuandikieni ni waandika alama, wale mnaotuona chini ya mwembe na daftari mapajani wakati wenzetu wanarusha na kupiga. Jedwali la msimu mlilobandika, lenye matokeo, pointi na wastani wa wachezaji, lina makosa. Si makosa ya taipu. Njia ya kuhesabu ndiyo mbovu, kwa hivyo hata mkilichapa upya mara kumi yatarudi yale yale. Na kwa kuwa jedwali hilohilo ndilo mnalolishika mkononi mnapochagua kombaini, kuna vijana watakaoachwa kwa sababu ya kugawanya vibaya, na wengine watakaobebwa kwa sababu hiyohiyo. Tunaomba liondolewe ubaoni, hesabu zirudiwe kutoka kwenye madaftari, na msimu ujao usibandikwe wastani wowote kabla daftari la kila mchezo halijakubali, yaani jumla zake hazijaoana.

Tuanze na wastani wa wapigaji, maana huko ndiko kelele za barazani zilikoanzia. Mmegawanya mikimbio, yaani alama alizopata mpigaji, kwa idadi ya michezo. Wastani wa mpigaji haugawanywi kwa michezo, wala kwa zamu, yaani mara alizoingia kupiga. Unagawanywa kwa mara alizotolewa. Chukueni mpigaji aliyekuwa kikosini michezo 8, akaingia kupiga mara 6: 30, 45 bila kutolewa, 12, 0, 28 bila kutolewa, 61 bila kutolewa. Jumla ni 176. Kwa njia yenu, 176 kwa 8 ni 22.00. Mwengine atagawanya kwa zamu 6 apate 29.33. Jawabu sahihi ni 176 kwa 3, kwa sababu ametolewa mara 3 tu, nayo ni 58.67. Mtu mmoja, msimu mmoja, tarakimu tatu, na mnayoitumia ndiyo inayomuumiza zaidi. Anayeumia ni yule hasa anayeingia namba sita au saba kumaliza mchezo, anayebaki na gongo lake mpaka mwisho, au asiyefikiwa kabisa kwa kuwa wenzake wa juu wamemaliza kazi. Ule wastani maarufu wa Don Bradman wa Australia, 99.94, umepatikana hivyohivyo: mikimbio 6,996, zamu 80, mara 10 hakutolewa, kwa hivyo kigawanyo ni 70. Mngempigia hesabu nyinyi kwa michezo yake 52 angefika 134, na angeshangaa kuliko sisi.

Tunajua mtatujibu kwamba njia hii inampa sifa asiyestahiki, aliyeingia mara moja akapata 20 bila kutolewa. Kweli, huyo hana wastani kabisa, maana hakuna cha kugawanyia. Katika safu yake kinawekwa kistari. Dawa ni kuweka kiwango cha kuingia kwenye orodha. Kwa ligi ya michezo 10 tunapendekeza zamu 5 na mikimbio 100 kwa wapigaji, wiketi 8, yaani wapigaji waliowatoa, kwa warushaji. Walio chini ya hapo waandikwe chini ya mstari, mikimbio na wiketi zao zionekane, ila wasipangwe nafasi.

Kuna na ile ada yetu ya mpigaji akifika 50 kutoka mwenyewe ili wenzake nao wapate nafasi. Ni ada nzuri kwa mchezo wa kirafiki. Kwenye ligi inaharibu hesabu, kwa sababu klabu moja inamwandika huyo kuwa hakutolewa na nyingine inamwandika ametolewa. Sheria ya 25 ya kriketi iko wazi: anayetoka kwa ugonjwa, kuumia au sababu nyengine isiyoepukika anahesabiwa hakutolewa, na anayetoka kwa hiari yake asirudi anahesabiwa ametolewa. Chagueni kufuata sheria, au andikeni kanuni yenu kabla ya mchezo wa kwanza. Kila klabu kuandika inavyopenda ndiko kunakoleta ugomvi.

Kwa warushaji kosa ni la nukta. Ova ni mipira sita, na ova 3.4 si ova tatu na desimali nne. Ni ova 3 na mipira 4, yaani mipira 22. Mrushaji aliyerusha 3.4, kisha 4, kisha 2.5, kompyuta yenu imemjumlishia 9.9. Ova 9.9 haipo duniani, maana mpira wa sita ukishatoka ova imekwisha. Geuzeni kwanza kuwa mipira: 22 na 24 na 17 ni 63, nayo ni ova 10 na mipira 3. Ikiwa ametoa mikimbio 58, kwa hesabu yenu anatoa 5.86 kwa ova. Kweli ni 58 mara 6 kwa 63, yaani 5.52. Msidhani ni tofauti ndogo, kwani kwenye orodha yenu nafasi ya pili na ya sita zimetenganishwa na kidogo kuliko hicho. Kwenye karatasi ya kompyuta wekeni safu ya mipira peke yake, na ova ziwe za kuonyesha tu, zisiingie kwenye hesabu yoyote.

Nini kinamwangukia mrushaji na nini hakimwangukii, hapa pia klabu hazisemi lugha moja. Waidi (mpira uliopita mbali na mpigaji) na noboli (mpira uliorushwa kinyume cha sheria) ni zake. Bai (mpira haukugusa gongo wala mwili) na legibai (umegusa mwili, si gongo) si zake. Waidi iliyokwenda mpaka mpakani ni waidi 5, zote zake. Noboli ina mkasa wake: tangu sheria zilipoandikwa upya mwaka 2017, mkimbio mmoja wa adhabu ndio unaoitwa noboli, na waliyokimbia bila gongo kugusa mpira yanaandikwa bai au legibai, hayamwangukii mrushaji. Wapo waandika alama wazuri tu, waliojifunza zamani, ambao mpaka leo wanaandika yote kuwa noboli. Ranauti, mpigaji kutolewa akiwa mbioni, haimpi mrushaji wiketi. Na ova iliyotoka legibai tu bado ni meideni yake, yaani ova isiyomwangukia mkimbio wowote. Kumnyima ni dhuluma, ijapokuwa ndogo.

Sasa daftari lenyewe. Mwisho wa kila zamu, kabla wachezaji hawajagusa maji, kuna hesabu zinazotakiwa zikubali. Zikikataa, kuna mpira umeandikwa vibaya na unatafutwa papo hapo, wakati ampaya, yaani mwamuzi, bado anakumbuka. Chukueni timu iliyopata 143 kwa wiketi 7, yaani wapigaji wake 7 wametolewa, katika ova 20. Wapigaji wote wakijumlishwa wana 122. Ziada ni 21: waidi 11, noboli 3, bai 4, legibai 3. Upande wa kupiga, 122 na 21 ni 143, imekubali. Upande wa kurusha, jumla ya mikimbio iliyo kwenye safu za warushaji lazima iwe 122 na 11 na 3, yaani 136. Ongeza bai na legibai 7, imefika 143. Wiketi za warushaji zikiwa 5 lazima ziwepo ranauti 2. Ova za warushaji wote zifike 20. Na kama mnaandika mipira aliyopokea kila mpigaji, jumla yake iwe 123, si 120, kwa sababu noboli mpigaji ameipokea na waidi hakuipokea. Hii ya mwisho ndiyo inayofichua uzembe haraka zaidi, na ndiyo inayorukwa karibu kila mchezo.

Kazi yenyewe haifiki dakika kumi. Madaftari mliyojumlishia jedwali lenu, yale tuliyobahatika kuyaona, mengi yana jumla ya kupiga tu, chini ya mstari mmoja mnene, na upande wa warushaji mtupu au umejazwa baadaye kwa kalamu ya rangi nyengine.

Lakini kuna kosa ambalo hesabu hizi haziligundui, nalo ndilo tunaloliogopa zaidi. Mpira umempiga mpigaji kwenye pedi, umekwenda mpaka mpakani. Ampaya ameinua goti na kuligusa kwa mkono: legibai 4. Mwandika alama alikuwa anapokea kikombe cha kahawa, ameona mpira umefika mpakani, kaandika 4 za mpigaji. Hapo mpigaji kaongezewa 4, mrushaji kaongezewa 4, ziada imepungua 4, na jumla ya timu haikubadilika. Kila kitu kitakubali jioni. Kinachozuia hili ni mambo mawili yaliyomo kwenye Sheria ya 3: waandika alama wawili, mmoja kila upande, wanaolinganisha madaftari yao mara kwa mara, na kuitikia kila ishara ya ampaya. Mwandika alama akiona ishara anainua mkono. Ampaya asipouona ule mkono, mpira unaofuata usirushwe. Mikono miwili iliyonyooshwa pande zote, usawa wa mabega, ni waidi. Mmoja tu umenyooshwa ni noboli. Kiganja wazi juu ya kichwa ni bai. Goti ni legibai. Kijana wa skuli hujifunza haya kwa jioni moja. Michezo mingi ya msimu huu imekuwa na mwandika alama mmoja, tena mchezaji anayengoja zamu yake ya kupiga, ambaye wiketi ikianguka humtupia daftari mwenzake na kuvaa pedi mbio. Mwandiko unabadilika katikati ya ova na hakuna anayejua mpira wa ngapi.

Alama za ndani ya kisanduku nazo ziwe za aina moja kwa klabu zote. Nukta kwa mpira usio na kitu, msalaba kwa waidi, duara kwa noboli, pembetatu iliyosimama kwa bai, pembetatu iliyopinduka kwa legibai. Waidi waliyokimbia inatiwa nukta kwenye pembe ya msalaba, moja kwa kila mkimbio wa ziada. Nukta sita za meideni zinaunganishwa kuwa M, na ikiwa mna wiketi inakuwa W. Andikeni kwa kalamu ya mate kila mrushaji rangi yake kama mnazo mbili tatu, lakini msitumie wino wa maji: joto la Februari na jasho la mkono vinaufanya ukurasa uwe kama umelowa mvua. Ampaya akikosea kuhesabu akafunga ova kwa mipira 5 au 7, iandikwe hivyohivyo na ihesabiwe ova. Sheria inasema hesabu ya ampaya ndiyo inayosimama, na mwandika alama asijifanye kuirekebisha baadaye nyumbani.

Jambo jengine dogo lenye madhara: tangu Oktoba 2022, mpigaji akitolewa kwa kudakwa, anayeingia ndiye anayekwenda kupokea mpira unaofuata, hata kama wawili wale walikuwa wamepishana, isipokuwa ova imekwisha. Zamani wakipishana aliyebaki ndiye aliyepokea. Tumeona madaftari ya mchezo mmoja, moja limefuata ya zamani na jengine ya sasa, na kuanzia wiketi ya pili mikimbio ya wapigaji wawili imebadilishana majina mpaka mwisho wa zamu.

Kwenye jedwali la pointi, timu zilizofungana mmezitenganisha kwa tofauti ya kasi ya mikimbio, na hapa mmewatoa watu mashindanoni. Timu imetolewa yote kwa 96 katika ova 16.2, wapinzani wakafikia 97 katika ova 14.3. Mmechukua 96 kwa 16.2, mkatoa 97 kwa 14.3, mkapata hasi 0.86. Makosa ni mawili. La nukta tumeshalisema: 14.3 ni mipira 87, yaani ova 14 na nusu. La pili ni kubwa zaidi. Timu iliyotolewa yote inahesabiwa imetumia ova zake zote 20, si 16.2, la sivyo kutolewa mapema kungekuwa na faida. Sahihi ni 96 kwa 20, yaani 4.80, kutoa 97 kwa 14.5, yaani 6.69. Jawabu ni hasi 1.89. Tena kwa msimu mzima hamkusanyi tofauti za kila mchezo na kuzigawanya kwa michezo. Mnajumlisha mikimbio yote iliyopatikana kwa ova zote zilizohesabiwa, mnatoa mikimbio yote waliyopata wapinzani kwa ova zao zote.

Ushindi wa mezani msiuingize humo. Boti ya kutoka Mkoani ikichelewa kwa bahari ya kusi, timu haikufika, wenyeji wapewe pointi kama kanuni inavyosema, lakini hakuna mpira uliorushwa, kwa hivyo hakuna mikimbio, hakuna ova, na mchezo huo usiguse wastani wa mtu wala tofauti ya kasi ya timu. Mikimbio mliyowapa wenyeji mmeitoa wapi?

Mvua ni hivyohivyo. Mchezo wa ova 20 unahitaji kila upande uwe umepata nafasi ya angalau ova 5 ndipo matokeo yahesabike. Hiyo ndiyo kanuni ya kimataifa na hatuoni sababu ya kuikwepa. Hesabu ya Duckworth-Lewis-Stern ya kupunguza lengo inataka programu na mtu anayeijua. Kama hamna, andikeni njia nyepesi ya kulinganisha kasi na muitangaze mapema, ijapokuwa si ya haki kabisa kwa anayepiga wa pili au wa kwanza. Haki iliyopungua lakini inayojulikana asubuhi inavumilika kuliko inayotungwa saa kumi na moja jioni na watu wamelowa. Na mkipanga ratiba, tazameni mwezi na saa pamoja: masika ni Machi mpaka Mei, vuli inaanza Oktoba, na uwanja wa Mnazi Mmoja siku za bamvua kuu upande wa chini hutota maji ya chumvi. Zamu ya ova 20 ni dakika 85 kwa warushaji wanaokwenda mbio, na wetu hawendi mbio. Zamu mbili na mapumziko ya dakika 20 ni saa 3 na dakika 10. Mkianza saa 8 mchana mnamaliza kabla ya jua kukaribia kuchwa. Mkianza saa 9, mkachelewa nusu saa kungoja mkeka wa kuchezea utandikwe, ova za mwisho zinarushwa adhana ya magharibi imeshatoka, na mrushaji wa kasi gizani anapata wiketi ambazo sisi tunaziandika kwa shingo upande.

Mkeka wenyewe, kwa kuwa tumeutaja. Wastani wa Unguja na wa Pemba mmeuchanganya kwenye orodha moja bila kuonyesha uwanja. Mkeka wa usumba uliovutwa vizuri juu ya saruji unainua mpira kwa namna moja. Uliotandikwa juu ya udongo, ukalegea pembeni, unaukunja mpira pale penye mkunjo na kuutuma popote. Kila daftari liandikwe uwanja, chini ya mkeka kuna nini, na urefu uliopimwa kwa tepu baina ya wiketi na wiketi (hapa ni vile vijiti vya kila upande), ambao ni mita 20.12. Wala msiamini mistari iliyopakwa rangi juu ya mkeka. Mkeka ukivutwa inahama nao, na mstari wa mpigaji unaotakiwa kuwa mita 1.22 mbele ya wiketi unasogea bila mtu kujua, ndipo tunapata mchezo wenye noboli nyingi ambazo mrushaji anaapa hakuzikanyaga.

Halafu majina. Kwetu hapa Ali Khamis wako wangapi katika ligi moja? Kwenye jedwali lenu Ali Khamis, A. Khamis na Ali K. Ali ni watu watatu, na huenda ni mmoja, au wawili. Kila mchezaji asajiliwe kwa majina matatu na namba isiyobadilika msimu mzima, na namba hiyo ndiyo iandikwe kwenye daftari. Jina la utani liachwe uwanjani.

Juni 1975, timu ya Afrika Mashariki ilicheza na Uingereza huko Edgbaston katika Kombe la Dunia la kwanza. Tulipigwa vibaya: wao 290 kwa wiketi 5, sisi tukatolewa kwa 94. Nusu karne imepita na yeyote anaweza kusoma kwamba John Snow alirusha ova 12, meideni 6, akatoa mikimbio 11 kwa wiketi 4. Mchezo wa mwisho wa ligi yetu, uliochezwa juzi tu, mkituuliza nani alirusha ova ya 18 hatuwezi kukujibuni kwa yakini, kwa kuwa ukurasa wa pili wa daftari hilo haupo.

Kwa hivyo tunaomba madaftari yote ya msimu uliokwisha yakusanywe kutoka klabuni, ya pande zote mbili, pamoja na picha za simu za kurasa zilizopigwa na wachezaji, kwani zipo. Tuko tayari kukaa nayo, Unguja kwa wiki mbili na Pemba kwa wiki moja, bila malipo, na kupitia mchezo mmoja baada ya mwengine. Mchezo ambao madaftari yake hayakubali na hayawezi kurekebishwa, matokeo yake yabaki kwa pointi, lakini wastani wa wachezaji usichukuliwe humo, na jedwali liandike wazi kuwa umeachwa. Kabla ya kombaini kutajwa tupeni hizo wiki tatu. Tunachohitaji kutoka kwenu ni chumba chenye meza, madaftari, na orodha ya usajili.

Wenu,
Waandika alama wa ligi, Unguja na Pemba